Mbwa si gunia la mahindi, mafundi wa Malaba wamuundie kigari chenye kioo

HAKUNA mzigo ambao mwendeshaji bodaboda wa Malaba ataukataa mradi bei iafikiwe. Atabeba kreti za soda, vitanda, milango ya chuma, mbuzi, kuku waliofungwa miguu na hata jeneza. Kwa hivyo si ajabu kwamba mbwa naye amekuwa abiria. Ajabu ni jinsi anavyobebwa. Aghalabu hutiwa guniani, kichwa kikichungulia, kisha gunia likafungwa kwenye keria kwa raba za tyubu. Mwingine hukalishwa juu ya tangi la petroli katikati ya mikono ya mwendeshaji, macho yakipigwa na upepo na vumbi la matrela yanayoelekea Kampala.

Maoni yangu ni kwamba wakati umefika kwa mafundi wetu wa jua kali kumuundia abiria huyu kigari cha pembeni, kile chenye gurudumu la tatu, na kukitia kioo cha mbele kinachomfaa mbwa wala si binadamu. Najua wapo watakaocheka. Wacheke, lakini wanisikilize, kwa kuwa suala hili lahusu watoto wetu kuliko linavyohusu mbwa.

Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu kila mara huua. Shirika la Afya Duniani (WHO) hukadiria kwamba ugonjwa huu huua watu wapatao 59,000 kila mwaka, wengi wao katika Afrika na Asia, na kwamba visa 99 kati ya kila 100 hutokana na mbwa. Wanne kati ya kila watu 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo ni watoto ambao hawajatimiza miaka 15. Hao ndio wanafunzi wetu, wanaopita vichochoroni alfajiri wakienda shule na jioni wakirudi.

Kinga yenyewe haina siri. Mbwa saba kati ya kila 10 wakichanjwa, na chanjo hiyo ikirudiwa kila mwaka, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kenya ilijiwekea mpango mwaka wa 2014 wa kuuangamiza ifikapo 2030, na ulimwengu mzima umeutaja mwaka huo huo kuwa kikomo cha vifo vya binadamu vinavyotokana na ugonjwa huu unaoletwa na mbwa.

Tatizo ni kumfikisha mbwa kwenye sindano. Uchunguzi uliofanywa katika mji wa Blantyre, Malawi, ulionyesha kuwa kadiri nyumba inavyokuwa mbali na kituo cha chanjo, ndivyo uwezekano wa mbwa wa nyumba hiyo kuletwa unavyopungua. Jambo hilo halitamshangaza mtu wa huku kwetu. Mbwa wa kijijini hajazoea kamba. Akivutwa anajilaza chini, akikutana na mbwa wa jirani anapigana, na anayetumwa kumpeleka mara nyingi ni mtoto wa miaka 10. Mama anayeishi ndani huko Osukuru au Adungosi akipiga hesabu ya mwendo, vita vya mbwa njiani na foleni, anaamua kubaki shambani. Bodaboda ingemsaidia, ila ni wachache wanaokubali kubeba mbwa anayehangaika guniani, nao wanaokubali hudai nauli ya watu wawili.

Kwa sisi tuliorudi kutoka uhamishoni, mbwa si pambo. Mtu anayerudi nyumbani baada ya miaka mingi hukuta majirani wapya hawamjui, mpaka wa shamba umesogea, na usiku ni mrefu. Mara nyingi mbwa ndiye huwa jirani wa kwanza kumwamini. Wafanyabiashara nao wanamtegemea kulinda maghala na bidhaa zinazosubiri kuvushwa. Kwa hivyo mbwa wananunuliwa, wanauzwa na kusafirishwa huku na huku kila wiki, tupende tusipende.

Wengi wetu tuliosomea Kenya kwa sababu ya vita vya Uganda tulivuka mpaka huu utotoni juu ya malori, tumebanwa katikati ya magunia. Tunajua ilivyo kubebwa na mtu anayefikiria mzigo utafika tu, haijalishi utafika vipi. Sidhani ni kudeka kutaka kiumbe anayetulinda afike akiwa na macho mazima.

Je, kazi hii inawezekana? Jamani, ni nani atakayewafundisha watu wa mpaka huu kugeuza chombo? Neno bodaboda lenyewe lilizaliwa huku, miaka ya 1960, vijana wa baiskeli walipokuwa wakiwabeba wasafiri kutoka kituo cha mpakani upande mmoja hadi upande wa pili. Baiskeli ile ilikuwa imetiwa kiti cha sponji nyuma, nayo ikaitwa gari. Pale Busia, ndugu zetu walemavu wamekuwa wakivusha bidhaa kwa baiskeli za magurudumu matatu zilizoongezwa sehemu ya mzigo na fundi. Pikipiki zetu nazo zimetiwa miavuli na plastiki za kuzuia mvua. Aliyeunda hayo yote hawezi kushindwa na kigari cha mbwa.

Hata hivyo, kazi hii inataka akili. Kwanza, nchi zetu huendesha upande wa kushoto, kwa hivyo kigari hufungwa kushoto. Kikiwa kitupu au kikiwa na mbwa mwepesi, gurudumu lake huinuka pikipiki inapokata kona ya kushoto kwa kasi. Dawa ni kuweka mfuko wa mchanga sakafuni na kupunguza mwendo. Pikipiki pia huvutwa kushoto inapoongezwa kasi, na huvutwa kulia inapofungwa breki ikiwa gurudumu la kigari halina breki yake. Mwendeshaji aliyezoea magurudumu mawili sharti ajifunze upya uwanjani, akiwa amebeba gunia la mchanga, kabla ya kubeba chochote chenye uhai.

Pili, kioo. Vigari vinavyotumika Uingereza, Ujerumani na Marekani viliundiwa binadamu anayeketi ameegemea nyuma, miguu mbele. Kioo chake ni kifupi, na upepo hupita juu ya kichwa cha abiria. Mbwa haketi hivyo. Hukalia matako akiwa amesimamisha miguu ya mbele, kichwa kikiwa juu na karibu na kioo, halafu hupenda kuchungulia pembeni. Kioo cha binadamu humpelekea upepo wote usoni, pamoja na mchanga na vijiwe vinavyorushwa na matairi ya matrela. Ndiyo maana wenye mbwa kule ng'ambo huongeza urefu wa kioo, na wengine huwavisha mbwa wao miwani.

Fundi ampime mbwa akiwa ameketi kigarini, si akiwa amesimama ardhini. Ukingo wa juu wa kioo upite pua na macho yake, kisha upindwe kidogo kuelekea nyuma ili upepo uruke kichwa. Pande mbili zirefushwe kurudi nyuma hadi usawa wa mabega, maana ni huko anakochungulia. Chini ya kioo iachwe nafasi ya vidole viwili hivi. Kioo kilichozibwa kabisa huzua kisulisuli nyuma yake, na vumbi ulilolizuia mbele hurudi kumpiga mbwa kisogoni. Nafasi hiyo pia humpa hewa wakati jua la Malaba linapochoma na foleni ya malori haisongi.

Kioo cha dirisha kisitumike kamwe, kwani kikivunjika ni visu. Ile plastiki ngumu inayong'aa ambayo waandishi wa mabango hutumia ni afadhali, lakini nayo hupasuka vipande vyenye ncha. Inayofaa zaidi ni polikaboneti, ambayo hustahimili kugongwa na jiwe. Ila hukwaruzika upesi, na petroli huiharibu, basi ioshwe kwa maji na sabuni tu. Matundu ya bolti yawe makubwa kidogo kuliko bolti, na katikati zitiwe washa za mpira, ili mtikisiko na joto visiipasue. Ukingo wote uvikwe kipande cha tyubu kuukuu. Mbwa mwenyewe afungwe kwa mkanda wa kifuani, si wa shingoni, uwe mfupi kiasi kwamba akijaribu kuruka haning'inii nje ya kigari.

Wapo watakaouliza, "Watu hawana ambulensi, mwalimu, nawe unazungumzia mbwa?" Swali hilo ni la haki, na jibu langu ni kwamba kazi hizi mbili ni moja. Kule Mbale, si mbali na Tororo, pikipiki zenye kitanda cha pembeni zimetumiwa kuwafikisha wajawazito hospitalini. Fundi atakayejua kufunga kigari cha mbwa kisipinduke ndiye atakayejua kesho kufunga cha mgonjwa. Afadhali ajifunze kwanza kwa mchanga na mbwa mtulivu kuliko kwa mama mwenye uchungu.

Wengine watauliza kuhusu gharama. Si lazima kila mwendeshaji awe na kigari chake. Chama kimoja cha bodaboda kikiwa na kimoja upande wa Kenya, na kingine upande wa Uganda, vinatosha kuanza. Siku za kawaida kitabeba mboga, vifaranga au nguruwe wadogo, na siku ya chanjo kibebe mbwa wawili watatu wa boma moja waliozoeana. Mnyama anayefika hajavunjika mguu wala hajapofuka ana bei nzuri sokoni, na mfanyabiashara yeyote anaelewa hesabu hiyo.

Kuna na sheria. Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, na Uganda ina yake ya tangu 1957. Zote mbili humtia mashakani anayemsafirisha mnyama kwa namna ya kumtesa. Aidha, wafanyabiashara wadogo wasidanganyike kwamba utaratibu rahisi wa forodha wa Afrika Mashariki, ule wa bidhaa zisizozidi dola 2,000 za Marekani, unamruhusu mbwa kupita kama ndoo ya nyanya. Utaratibu huo haufuti masharti ya afya ya mifugo. Mbwa anayevuka anahitaji cheti cha chanjo ya kichaa na karatasi za daktari wa mifugo. Naye anayebadilisha umbo la pikipiki amwone mkaguzi wa magari kabla ya kuingia barabarani, asije akamlaumu polisi baadaye.

Ningependa basi maafisa wa mifugo wa Kaunti ya Busia na wenzao wa Wilaya ya Tororo wakae na viongozi wa bodaboda wa pande zote mbili kabla ya Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Mpaka wetu una kituo cha pamoja cha kukagua malori, lakini mbwa hupita mtoni bila kukaguliwa na yeyote. Chanjo ya upande mmoja pekee ni sawa na kufagia nusu ya nyumba. Wakubaliane siku moja, vijiji gani vifikiwe, na kigari kipite wapi kuwachukua mbwa walio mbali.

Hadi hayo yatimie, kila mzazi amfundishe mwanawe jambo moja. Akiumwa na mbwa, hata akikwaruzwa tu, aoshe kidonda papo hapo kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitalini siku hiyo hiyo kupata chanjo. Asingoje kuona kama mbwa atakufa. Na mwenye mbwa ambaye hajachanjwa asingoje mbwa aumwe ndipo atafute nauli.

Mwandishi ni mwalimu mjini Malaba