Asali Iwashayo

Pengine wajiuliza karani wa parokia ana shughuli gani jikoni. Kazi yangu ni vitabu vya ubatizo, barua na hesabu. Lakini sisi tukaao Tabora twajua kwamba si kila mtu hutoa matoleo yake kwa fedha. Wakati wa mavuno huja mahindi, huja kuku aliyefungwa miguu, na kutoka kwa warina asali, ambao hukaa porini siku nyingi katikati ya miyombo na mitundu, huja asali. Kuiandika na kuiuza ni juu yangu. Mwaka jana nilibaki na ndoo nzima ya lita 20 isiyo na mnunuzi. Si kwamba ilikuwa mbaya. Ilikuwa nyeusi, nzito, yenye harufu ya moshi kwa mbali. Ila kila niliyemwuliza alinijibu: "Asali ninayo nyumbani, Karani, tangu mwaka juzi. Hakuna aliyekohoa."

Hapo ndipo shida yetu ilipo. Tumeifanya asali kuwa dawa, tukaipandisha juu ya kabati, nayo yangoja mgonjwa. Mwenye mizinga naye angoja mnunuzi.

Nilikuwa nimesoma habari za Mmarekani mmoja, Mike Kurtz, ambaye alipokuwa mwanafunzi aliionja huko Brazili asali iliyotiwa pilipili, nayo ililiwa na pizza. Mwaka 2010 alianza kuwaandalia walaji wa pizza huko Brooklyn asali kama hiyo, na sasa huuzwa madukani kwa chupa. Nikajisemea: asali tunayo, na pilipili kichaa hujiotea zenyewe nyuma ya nyumba. Tumekosa nini?

Tulikosa maarifa, au tuseme mimi niliyakosa. Nilichuma pilipili mbichi, nikazikata, nikazijaza katika chupa ya asali, nikaziba sana kwa kizibo na kuiweka katika kabati la ofisi. Baada ya majuma machache kizibo kiliruka chenyewe, na asali iliyokwisha kuwa wanzuki ikamwagikia kitabu cha michango. Baba Paroko alicheka. Mimi nilinakili kurasa nne upya.

Sababu yake ni hii. Asali iliyoiva haiharibiki kwa kuwa maji yake ni machache, kwa kawaida chini ya sehemu 20 katika 100. Ukiitia kitu kibichi, maji ya kitu hicho huingia katika asali, na chachu iliyokuwa imelala huamka. Kwa hiyo tumia pilipili zilizoanikwa zikakauka hata zikavunjika kwa vidole. Vitunguu saumu vibichi na tangawizi mbichi visikae ndani ya chupa hata kidogo. Vyataka kutiwa siku ile ile ya kupika.

Sasa tupike. Chukua vikombe viwili vya asali na kijiko kimoja cha chakula cha pilipili kichaa kavu zilizopondwa kidogo. Kama nyumbani wana midomo laini, anza na nusu kijiko. Tia katika bakuli, na bakuli uliweke ndani ya sufuria yenye maji ya moto. Maji yapate moto lakini yasitokote, maana asali ikichemka hupoteza harufu yake, na harufu ndiyo tuliyoilipia. Iache hapo nusu saa, ukikoroga mara kwa mara. Ipua, ifunike, iache ipoe mpaka kesho. Kisha ipashe moto kidogo ipate kulainika, uichuje kwa kitambaa safi kikavu, na kuitia katika chupa iliyokauka kabisa. Hukaa kabatini miezi mingi. Ikiganda usiitupe, irudishe katika maji ya moto tu. Na baada ya kuponda pilipili nawa mikono kwa sabuni kabla ya kujigusa macho. Hili halikuhitaji kuandikwa, lakini mama watoto amesisitiza niliandike, naye anajua kwa nini.

Yaliwa na nini? Kwangu mimi cha kwanza ni mhogo wa kukaanga ungali moto, wenye chumvi, ukamwagiwa uzi mwembamba wa asali hii. Chumvi, utamu na ukali hufika kwa pamoja, na watoto huanza kugombania vipande vya mwisho. Viazi vitamu vya kuchoma vyapendeza vivyo hivyo. Embe bichi lililokatwa vipande hutaka chumvi na matone machache tu. Karanga zilizokaangwa zigeuze katika kijiko kimoja cha asali hii zikiwa bado kwenye kikaango, uziipue upesi.

Katika nyama yataka uangalifu. Wengi hupaka kuku asali tangu mwanzo, kisha hulalamika kwamba ameungua nje na ndani yu mbichi. Asali ni sukari, nayo huungua mapema. Choma kuku wako kwa chumvi na ndimu mpaka aive kabisa, kisha mpake asali, umrudishe juu ya makaa dakika mbili au tatu ang'ae. Migebuka ituletewayo kutoka Kigoma ifanye hivyo hivyo, ila changanya asali na maji ya ndimu kwanza.

Kwa vinywaji, kijiko kimoja katika chai ya rangi yenye tangawizi chatosha asubuhi ya kipupwe. Wakati wa jua kali, loweka ukwaju, uchuje, utie asali badala ya sukari. Kinywaji hiki kikiwa baridi hupoza koo, kisha huliwasha kidogo, nawe wataka tena. Akinywa mtu akazidiwa na ukali, mpe maziwa wala si maji. Ule ukali wa pilipili haukubali kuyeyuka katika maji, lakini maziwa huuondoa. Mwenye ugonjwa wa kisukari asidhani asali si sukari. Afuate maneno ya daktari wake.

Nabakiwa na jambo moja, ambalo ndilo lililonifanya niandike juma hili. Siku nilipoanza kugawa chupa, bibi mmoja wa jumuiya yetu alikuja ofisini. Mjukuu wake wa miezi 5 alikuwa akikohoa. Akasema, "Mwanangu Karani, hii ya pilipili ni yangu. Kwa mtoto nipimie ile isiyo na kitu." Nilikwisha kushika kijiko. Muuguzi wa zahanati, aliyekuwa amefuata cheti cha ubatizo, alinizuia mkono.

Alisema mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali, hata ya kulambishwa, hata ikipikwa. Katika asali huweza kuwamo mbegu za vijidudu visivyoonekana, na moto wa jikoni hauziui. Mtu mzima hazimdhuru; tumbo la mtoto mchanga bado halijaweza kuzizuia, nazo huota humo na kutoa sumu. Mtoto hufunga choo, hunyonya kwa udhaifu, sauti ya kilio hufifia, shingo na viungo hulegea, na pumzi yaweza kukatika. Ukiona hayo mkimbize hospitali.

Bibi alisema, "Mbona mimi nililambishwa siku niliyozaliwa?" Muuguzi akamjibu kwa upole, "Ndiyo, Bibi, na wengi hawapatwi na kitu. Huyu wako hatujui." Bibi akanyamaza. Wakaenda zahanati pamoja kumwonyesha mtoto na kikohozi chake. Mimi niliyehitimu chuo cha ualimu nilikaa na kijiko mkononi, maana neno hilo sikulijua.

Tangu siku hiyo kila chupa itokayo kwangu ina karatasi: tarehe, na chini yake, "Si kwa mtoto aliye chini ya mwaka 1." Ndoo yenyewe ilikwisha kabla ya Pasaka, na mrina asali mmoja ameniuliza kama nitahitaji nyingine.

Mwezi uliopita mjukuu alitimiza mwaka. Bibi amekuja akachukua chupa mbili, moja yenye pilipili na moja isiyo nayo.