HESABU YA TANGI NAYO INA KISWAHILI CHAKE

Kuna wanaodai kwamba Kiswahili ni lugha ya methali na mashairi tu, ati hesabu haiwezi kukaa ndani yake. Mimi napinga, tena napinga kwa hesabu yenyewe.

Chukueni swali la aina ambayo wengi wetu huiruka. Fundi wa jua kali ameagizwa tangi la silinda la maji ya mvua, lenye ujazo wa lita 1,540. Kimo kizidi nusukipenyo kwa sentimita 30. Je, akate bati la kiasi gani?

Lita moja hujaza mchemraba wenye pande za desimita moja, yaani sentimita 10. Basi tupime kwa desimita. Nusukipenyo tuiite n, kimo kitakuwa n + 3. Ujazo ni pai mara n² mara kimo. Tukichukua pai kuwa 22/7 na kugawa 1,540 kwayo, tunapata 490. Kwa hivyo:

n³ + 3n² – 490 = 0

Hapa ndipo wengi hutupa kalamu. Kwani kuna nini jameni? Jaribu 5: n³ + 3n² inatoa 200, haitoshi. Jaribu 8: inatoa 704, imepita. Jaribu 7: 343 na 147 ni 490 kamili! Na kwa kuwa nusukipenyo ikiongezeka ujazo nao huongezeka, hakuna jibu jingine. Nusukipenyo ni sentimita 70, kimo ni mita 1, na bati la kuzungushia ni mita 4.4, bila sehemu ya kukunjia.

Fundi akikisia sentimita 80, tangi litabeba zaidi ya lita 2,200. Bei ya bati la ziada ataitoa mfukoni mwake. Nani basi atasema hesabu hii ni ya ubaoni tu?

Najua mtanijibu, "Lakini mtihani wa hesabu ni wa Kiingereza, bwana!" Ni kweli. Hata hivyo, anayeshindwa hapa mara nyingi hashindwi na kujumlisha, hushindwa kuelewa ni kitu gani kinazidi kingine. Akishaelewa kwa lugha aliyoizoea, kuandika kwa Kiingereza si kazi.

Tena hesabu na ushairi si maadui. Omar Khayyam wa Uajemi (1048–1131), anayesifika kwa beti za mistari minne, aliandika pia kitabu cha aljebra akaainisha milinganyo ya kipeo cha tatu na kuitatua kwa michoro. Mbona sisi tuvitenganishe?

Napendekeza chama chetu kitenge kikao kimoja kila muhula, mwanachama aje na mkebe na rula, atueleze hesabu yake kwa Kiswahili sanifu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Tuinameni pamoja.