Fort Ternan na Jina la Mchimbaji

Mtembezi ni mwanafunzi. Juzi tulipanda hadi Fort Ternan, mji mdogo wa Kericho kwenye njia ya reli iendayo Kisumu, chini ya vilima vya chai. Sisi watu wa pwani tumezoea magofu ya Gede. Huku tulionyeshwa palipotoka mifupa iliyogeuka mawe, yenye umri wa miaka kama milioni 14.

Dakta Louis Leakey alichimba hapa mwaka 1961, ukapatikana utaya wa kiumbe aliyeitwa Kenyapithecus wickeri, kwa heshima ya Fred Wicker, mwenye shamba. Aliyeuona ni Heselon Mukiri, msimamizi wa wachimbaji.

Tukakumbuka habari nyingine. Vivian Fuchs, aliyefuatana na Leakey Olduvai mwaka 1931, baadaye aliongoza msafara uliovuka bara la barafu la kusini kwa siku 99, kati ya 1957 na 1958. Akapewa cheo cha Sir, na jina lake limo vitabuni. Ni haki yake. Baridi ile si mzaha. Lakini Mukiri, aliyepiga magoti juani miaka na miaka, ni wangapi katika watoto wetu wamjuao?

Hatumnyang'anyi mtu sifa yake. Tusemalo ni hili: jahazi haliendi kwa nahodha peke yake. Waalimu na walitaje jina hili darasani, na wazazi wenye uwezo wawapeleke watoto Fort Ternan wakajionee. Asiyetajwa leo, kesho huwa kama hakuwako.