Usiku mmoja ndani ya maji, mbele ya kulaumu mbegu



Kila msimu, sehemu zingine za bonde la Ruzizi zinatuonyesha mambo yaleyale: mistari ya mahindi yenye mapengo, mpunga unaokauka ncha za majani, na ukoko mweupe juu ya udongo wakati jua linakaza. Mara moja tunasema: "Wametuuzia mbegu mbaya." Tunakopa tena, tunapanda tena. Sisi tunaona kama mahali penye ukoko huo, tupime kwanza chumvi ya udongo kuwa ndiyo yenye kosa, mbele ya kuingia deni ya pili.

Mbegu inaota kwa kunywa maji. Udongo wa chumvi unayashikilia yale maji, hauyaachii kwa urahisi. Basi mbegu inakawia chini, inaoza ao inaliwa na wadudu. Lakini mbegu iliyokunywa maji matamu nyumbani inafika shambani ikiwa imeshiba. Inatoka mapema na kushusha mizizi haraka.

Namna ya kufanya ni nyepesi. Jioni weka mbegu ya mahindi ao ya mpunga ndani ya basini ya maji safi. Asubuhi, kisha saa 12 hivi, itoe, itandaze kivulini mpaka isishikane tena mikononi, na uipande siku ileile. Panda tu kama udongo uko na unyevu. Wale wanaoogopa mvua kuchelewa wana haki: mbegu iliyoloweshwa haipendi udongo mukavu. Maharagwe usiyaache majini usiku kucha, yanapasuka. Na mbegu yenye kupakwa dawa ya rangi usiiloweke hata kidogo. Maji yake ni sumu kwa watoto na kwa kuku.

Kuko wataalamu wanaolowesha mbegu ndani ya maji yenye chumvi za namna fulani, kwa kipimo. Sisi hatushauri hiyo nyumbani. Kipimo kikikosewa, mbegu inaharibika. Maji matupu hayana bei.

Tusiamini kwa maneno tu. Kila mwanachama apande mistari 10 iliyoloweshwa na mistari 10 isiyoloweshwa, mbegu moja, shamba moja, siku moja. Kisha siku 10 tuhesabu miche, tulete hesabu ku mkutano.

Lakini tuseme wazi: kulowesha hakuondoi chumvi. Mahali maji yanaingia bila njia ya kutoka, jua linakausha maji na chumvi inabaki, mwaka kwa mwaka. Basini ni kazi ya kila nyumba. Mfereji wa kutolea maji ni kazi ya kooperative nzima, na ukiziba, hakuna mbegu itakayotuokoa. Tupange siku ya salongo mbele ya mvua kuanza.