Sinagogi ya Khartoum na Maduka ya Hai Jalaba

Kwa wengi wa Hai Mauna, Juba, sinagogi ni jengo la Injili: wanalisikia kanisani Jumapili, Yesu anaposimama kusoma chuo cha Isaya. Ni wachache wanaojua kwamba Khartoum, mji mkuu wa Sudan, nchi waliyozaliwa kabla ya uhuru wa Sudan Kusini Julai 2011, uliwahi kuwa na sinagogi yake, tena kubwa.

Wayahudi wa Sudan walipitia mengi kabla ya kuijenga. Chini ya utawala wa Mahdi, kiongozi wa Kiislamu wa Sudan, katika miaka ya 1880, familia chache zilizokuwa nchini zililazimishwa kusilimu. Utawala huo ulipoanguka mwaka 1898, baadhi walirudia dini yao, na mfanyabiashara Ben Zion Coshti akawa kiongozi wao. Mwaka 1906 akaja Rabi Solomon Malka, mzaliwa wa Morocco. Wafanyabiashara wengine walipanda Nile kutoka Misri, wengine wakatoka Syria na Iraq, na mwaka 1926 sinagogi ikasimama Khartoum, ikiwa na nafasi ya watu wapatao 500.

Kwa jengo kama hilo dini ya Kiyahudi haidai kuba wala mnara. Inachodai ni mpango wa ndani: kabati la hati za Torati kwenye ukuta unaoelekea Jerusalem, pamoja na jukwaa la kusomea, ambalo kwa desturi ya Wayahudi wa nchi za Kiarabu hukaa katikati ya waumini. Ukiwa Khartoum, Jerusalem iko kaskazini. Ukiwa Juba pia.

Kisha siasa ikawashinda Wayahudi wa Khartoum. Baada ya vita vya Suez vya 1956, na zaidi baada ya vita vya 1967, karibu wote waliondoka, wakaenda Israeli, Marekani, Uingereza na Uswisi. Mwaka 1977 mabaki ya baadhi ya wafu wao yalihamishiwa Jerusalem. Sinagogi iliuzwa mwaka 1986 na kubomolewa, na kiwanja kikachukuliwa na benki.

Waliouza hawastahili lawama. Jamii iliyotawanyika mabara matatu haiwezi kulipia paa linalovuja Khartoum. Aliyepaswa kusema neno ni serikali, kwa kuwa jengo lile lilikuwa sehemu ya historia ya Sudan, hata baada ya waliosali humo kuondoka.

Asmara, mji mkuu wa Eritrea, mambo yalikwenda vingine. Sinagogi yake ya mwaka 1906 ingali imesimama, ingawa Wayahudi wa Eritrea wamekwisha karibu wote. Mji wenyewe uliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2017. Nairobi, jiwe la msingi la sinagogi ya kwanza liliwekwa mwaka 1912. Jengo jipya likafuata katika miaka ya 1950, na hadi leo watu wanasali humo.

Juba haina sinagogi, lakini ina Hai Jalaba, mtaa wa maduka ya zamani. Wafanyabiashara Wagiriki walifungua maduka na maghala katika mji huu ulipokuwa bado mchanga, katika miaka ya 1920 na 1930, na baadhi ya kuta walizojenga zipo mpaka sasa. Wenyewe wameondoka karibu wote. Bei ya viwanja inapanda, na ghorofa jipya humlipa mwenye kiwanja kuliko duka la zamani la mawe. Khartoum pia wenyewe walikuwa wameshaondoka karibu wote jengo lao lilipouzwa mwaka 1986.

Wizara ya Utamaduni, Makumbusho na Urithi wa Taifa isisubiri fedha za wafadhili ndipo ianze. Orodha ya majengo, picha, vipimo vya kila ukuta na nakala ya hati ya kiwanja ni kazi ya maofisa wachache na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Juba. Baada ya hapo, Bunge lipitishe sharti moja: jengo lililo katika orodha lisivunjwe bila kibali cha maandishi cha wizara, hata kama anayetaka kulivunja ni benki, hoteli au ofisi ya serikali yenyewe.