Mtambo wa Kuonyesha Njia: Tuununue au Tusiununue?



Katika mkutano wa tawi uliopita lilitolewa wazo kwamba fedha za mfuko wa kusaidiana zitumike kununua mtambo mdogo wa kuonyesha njia, ule unaobandikwa kwenye kioo cha motokaa na kusema, "Pinda kushoto." Ungetumiwa katika gari tunalokodi kila tunapomsindikiza mwenzetu aliyefariki mpaka kwao. Wengine walipiga makofi, wengine waliguna. Sisi tuliotumwa kuujaribu tuliazima mmoja kwa juma moja, tukaenda nao Ishiara na kurudi. Basi twaeleza tuliyoyaona, na maoni yetu hatutayaficha.

Tulichagua Ishiara kwa sababu reli yetu haifiki huko. Njia ya Nanyuki hupita Sagana na Karatina, ikauzunguka Mlima Kenya kwa upande wa magharibi. Watu wa Embu na Meru walio upande wa pili hutegemea barabara, na safari ya maziko kwenda huko ndiyo iliyotupoteza mara mbili mwaka jana. Mara moja tulifika kaburi limekwisha fukiwa. Aibu ile wengi mnaikumbuka.

Kwanza tuseme mtambo wenyewe hufanyaje kazi, maana kuna mzee mmoja wa karakana anayeamini kwamba unazungumza na Nairobi. Hauzungumzi na mtu ye yote, husikiliza tu. Huko juu, kadiri ya kilometa 20,200, huzunguka setilaiti za Wamarekani, zisizopungua 24, na kila moja ina saa isiyokosa. Kila moja hutangaza kwa redio wakati wake na mahali ilipo. Mtambo hupima sauti ile imechelewa kiasi gani njiani, ndipo ukajua umbali. Ukisikia setilaiti nne hujua mahali uliposimama: tatu ni za mahali, na ya nne ni ya kuisahihisha saa yake wenyewe, ambayo ni ya bei rahisi. Sisi wa reli hatuhitaji kuelezwa sana kwa nini mambo haya yote yanategemea saa.

Kazi hiyo ilianzwa kwa ajili ya jeshi lao. Mpaka Mei 2000 raia walipewa habari zilizopotoshwa kidogo kwa makusudi, ndipo Rais Clinton alipoamuru jambo hilo likomeshwe. Tangu hapo mtambo wa mtu wa kawaida huweza kukosa kwa meta chache tu. Kwa hiyo asiseme mtu kwamba ni kitu cha kitoto.

Lakini hapa ndipo tunapoomba msikilize vizuri. Setilaiti hukuambia ulipo. Hazikuambii barabara ikoje. Barabara hutoka katika ramani iliyotiwa ndani ya mtambo, nayo ilichorwa na watu, pengine miaka mingi iliyopita, pengine na mtu asiyewahi kukanyaga Mbeere. Hayo ni mambo mawili mbalimbali, na sauti ile ya bibi wa Kizungu huyasema yote mawili kwa uhakika ule ule.

Kutoka Nairobi kwa Thika na Makutano mpaka Embu hatukuona kosa lo lote. Hata mwendo wa gari ulionyeshwa sawasawa, na dereva wetu akagundua kwamba kipimo cha gari lake husema uongo wa kilometa tano. Shida ilianza tulipoacha barabara kubwa tukitelemka kwenye joto. Kabla ya kufika Ishiara mtambo ulituamuru tupinde katika njia ya udongo ili tuokoe kilometa sita. Ilikuwa Novemba, mvua imenyesha usiku. Tulisimama tukamwuliza mama mmoja aliyekuwa akiuza ndengu kando ya barabara.

"Wanangu, huko leo hampiti," alisema. "Mto umekula kivuko."

Mmoja wetu alitelemka kwa miguu kutazama. Ukingo ulikuwa umekatika kama mkate, na maji mekundu yanapita. Mtambo uliendelea kutuhimiza tugeuke. Hauna jicho la kuona maji. Hapana aliyesahau Desemba 2021, basi la wanakwaya lilipozama katika mto Enziu karibu na Mwingi, wakafa watu zaidi ya 30. Hatusemi mtambo ndio uliosababisha msiba ule. Twasema tu kwamba mito ya upande huu hubadilika kwa saa moja, na ramani hukaa vile vile.

Jambo la pili: Ishiara penyewe ilikuwamo katika ramani, lakini boma tulilolitafuta halikuwamo. Watu wa kule huelekeza kwa kanisa, kwa shule, kwa josho la ng'ombe. Kilometa nne za mwisho tulizipata kwa kuuliza, kama babu zetu.

La tatu ni la dereva, na hili ndilo linalotuuma. Mtambo ulisema safari ni saa tatu na dakika kumi. Sisi tulitumia karibu saa tano, wala hatukulala njiani. Sasa, yuko mwenzetu mmoja anayeendesha lori la kampuni ambayo hatutaitaja. Alikatwa mshahara wa siku mbili kwa sababu tajiri alitazama saa ya mtambo, akaona dereva "amepoteza" saa moja na nusu. Mtambo haukuhesabu mizani, matope, wala tumbo la mtu. Katika reli dereva hapewi njia mpaka ameisoma kwanza pamoja na mwenzake anayeijua, wala haingii sehemu ya mbele bila ruhusa, hata kama ratiba yasema muda wake umefika. Kwa nini dereva wa barabara ahukumiwe na ratiba iliyotungwa na kitu kisichoijua njia? Twaomba halmashauri ilitie jambo hili katika mazungumzo yajayo na waajiri: saa iliyokadiriwa na mtambo isiwe ushahidi wa kumkata mtu mshahara.

Kuhusu kununua, maoni yetu ni kwamba tusinunue. Mtambo una faida zake: ramani iko ndani, hauhitaji mtandao wala bando, na sauti yake ni kubwa. Lakini ramani ile yataka kufanywa upya kwa kompyuta, na wengi wetu tunazo simu ambazo huweza kuhifadhi ramani ya nchi nzima kabla ya safari, bila kulipa senti. Fedha za mfuko ni za wajane. Afadhali katibu apate kwa jamaa ya marehemu maelezo ya njia yaliyoandikwa, pamoja na namba ya simu ya mtu wa pale, na kiti cha mbele akalie mwenzetu wa upande ule, si mkubwa wa msafara.

Kura itapigwa katika mkutano ujao. Mtambo tuliouazima tumekwisha mrudishia mwenyewe pamoja na waya wake.