Ugumu wa Arusha, joto la Dar, besi ya Nairobi

Mbele ya kibanda changu hapa Arusha kuna kijiwe cha vijana wenye ubishi mmoja usiozeeka: hip hop ya kweli ni ya wapi? Wanaanza taratibu, wakishamaliza kahawa sauti zinapanda, na mwisho lazima mmoja atasema neno "roho". Arusha ina roho ngumu. Dar es Salaam wana roho ya biashara. Nairobi wana roho ya mtaani. Mimi ni muuza mitumba. Nimewavalisha vijana wa mji huu tangu enzi za kanda, na baadhi yao nimekuja kuwaona kwenye televisheni na jaketi nililolitoa mwenyewe kwenye belo. Naomba hiyo roho tuiweke pembeni kidogo, tuanze na baridi.

Arusha iko mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari. Juni na Julai, Meru ikishajifunika, husimami stendi alfajiri na fulana peke yake. Sasa kumbukeni picha zilizokuwa zinatufikia miaka ya 90 kutoka New York: watu wamevaa kwa ajili ya theluji. Majaketi yaliyovimba, kofia za sufu zilizovutwa hadi masikioni, timba miguuni. Kijana wa Ngarenaro au Unga Limited aliweza kuiga vazi lile kuanzia kichwani hadi kisigino, na mama yake akamshukuru Mungu kwamba mtoto leo kajifunika vizuri. Kijana wa Temeke akivaa hivyo Februari anatafuta kulazwa. Niliwahi kumwona msanii mmoja jukwaani Dar na jaketi lenye manyoya shingoni. Wimbo wa kwanza alimaliza kiume, wa pili alimwachia mwenzake.

Ndiyo maana Temeke walipojitengenezea sura yao waliitengeneza kwa joto lao. Gangwe Mobb, halafu Juma Nature na Wanaume wa TMK, walipanda jukwaani na vesti, jezi, suruali pana za kupitisha upepo, kundi zima kwa pamoja, na maneno ya uswahilini ambayo sisi wa kaskazini tulikuwa tunaulizana maana yake. Kule kule Dar, Upanga walikuwa na mambo mengine kabisa. East Coast ya GK, AY na Mwana FA ilikuwa ya raba safi na kofia iliyokaa sawa. Mtu akikutajia mtaa wake, ulishajua atakuwa amevaa nini na atachanaje. Mji mmoja ule, na nauli ya daladala kutoka Upanga kwenda Temeke haikuwa hela ya kutisha.

Nirudi kwenye belo, maana watu wanaandika historia ya mitindo kana kwamba kila mtu alikuwa anachagua. Belo la suruali kutoka Marekani lilikuja na viuno vya 38, 40, 42. Wateja wangu walikuwa na viuno vya 28. Kupunguza kwa fundi ni hela, na mara nyingi hela hiyo ilikuwa nusu ya bei ya suruali yenyewe. Basi kijana anatoa kamba ya kiatu kimoja, anaipitisha kwenye matanzi mawili ya mbele, anafunga fundo, anaachia fulana ndefu juu yake, anatoka. Unajua ni kamba ya kiatu kwa sababu kiatu kimoja kinapiga kelele akitembea. Mlegezo, kwa taarifa ya wachambuzi, ulisaidiwa sana na unene wa Wamarekani.

Na belo lina tabia moja ambayo duka halina: hamna vitu viwili vinavyofanana. Ukifungua, unapata jaketi la timu ya mpira wa kikapu ya shule fulani ya sekondari ya Ohio, lenye jina la mtoto wa watu kifuani, na hilo ni moja tu Tanzania nzima. Kijana akilivaa, limeshakuwa lake. Hata mwizi hawezi kulivaa mji huu. Nilijifunza mapema kutotazama mgongo wa jaketi. Geuza ndani utazame kwapa na ukosi, kisha pandisha zipu mara mbili. Ikikwama mara ya pili, hilo ni la bei ya chini, hata kama chapa yake inawaka.

Mzigo mzuri tulikuwa tunaufuata soko la Gikomba, Nairobi. Hesabu ilikuwa rahisi: Nairobi ni kilomita kama 270 kutoka hapa, Dar ni zaidi ya 600. Unapita Namanga, unalala kwa ndugu, alfajiri uko sokoni kabla belo halijakatwa waya. Wenyewe wana majina: kamera ni zile nguo za kwanza kuchaguliwa, fagia ni mabaki ya mwisho, na ukifika saa tatu asubuhi wewe ni mtu wa fagia. Ndani ya majaketi yale tuliviringisha kanda. Kalamashaka wa Dandora nimewasikia kwa njia hiyo, wanachana kwa Kiswahili chao cha Eastlands, wakisema habari za polisi na njaa bila kumung'unya. Baadaye kanda za Ukoo Flani, ambao kwao ni Mombasa, nazo zilikuja kwa mlango ule ule. Vijana wangu walikuwa wanazinakili hadi mkanda unaliwa na redio. Kwa hiyo mtu akiniambia Arusha ilijitungia ugumu wake yenyewe, namuuliza kama ameshawahi kupanda basi la Namanga.

Sehemu ya pili ya ugumu huo ni hela, na hapa ndipo wanakijiwe wangu wanaponikasirikia.

Dar kulikuwa na soko. Radio One ilianza 1994, Clouds FM ikafuata, studio za maana zilikuwa kule, Bongo Records ya P-Funk na MJ Records ya Master Jay, na wasambazaji wa kanda walikuwa Kariakoo. Msanii aliyetaka kula kwa muziki alipaswa kumridhisha mtu mwenye duka, na mwenye duka alitaka kiitikio ambacho mteja atakiimba akiwa anatafuta chenji. Msanii wa Arusha alitaka kumridhisha nani? Msambazaji yuko kilomita 600, redio kubwa iko huko huko. Hakuna aliyekuwa anatulipa tulegeze. Kuwa mgumu kulikuwa bure, na kitu cha bure masela wanakichukua chote. X Plastaz waliliona hilo mapema kuliko wengine. Wakamweka Mmasai na sauti yake ya porini katikati ya mashairi, shuka na katambuga jukwaani, na soko lao wakalitafuta Ulaya. Albamu yao ya 2004, Maasai Hip Hop, ilitolewa na kampuni ya Ujerumani. Hawakuhitaji ruhusa ya Kariakoo.

Sisemi Dar walikuwa laini. Kwanza Unit walikuwa wameshaungana 1993, wakati wengi wetu huku bado tunajifunza kukaza kofia. Hard Blasters walichana vitu ambavyo hata leo ukivipiga kijiweni watu wananyamaza. Sugu alitoka Mbeya akaibeba rap ya Kiswahili mgongoni wakati wakubwa wanaiita uhuni, akaishia kuwa mbunge wa Mbeya Mjini 2010. Professor Jay akawa mbunge wa Mikumi 2015. Mwana FA aliingia bungeni 2020 kwa Muheza, na 2023 akateuliwa naibu waziri. Nikki wa Pili wa kwetu huku akapewa ukuu wa wilaya, Kisarawe, mwaka 2021. Wahuni wote hao! Na nisiwasahau Wagosi wa Kaya, walioisema Tanga inavyosinzia kwa lafudhi ya Tanga, bila kujaribu kujifanya watu wa Dar. Kwangu mimi wale ndio kipimo: ukifumba macho unajua mtu anatoka wapi.

Nairobi kulikuwa na kitu ambacho Tanzania hatukuwahi kuwa nacho, nacho ni matatu. Daladala za Dar zilikuwa na mistari ya rangi kuonyesha njia zake, na muziki wake ulikuwa redio aliyoifungulia dereva. Matatu ya 58 ya Buruburu ilikuwa klabu yenye magurudumu. Imechorwa wasanii ubavuni, taa za zambarau ndani, na besi ambayo ilikuwa inanitoa jasho la viganja nikiwa nimepakata mzigo wangu wa kamera. Mwanafunzi aliacha gari tupu lipite, akasubiri lenye muziki. Genge ya akina Nonini na Jua Cali, iliyotoka Calif Records mtaa wa California, ukiisikiliza kwa redio ndogo ya jikoni huielewi. Isikilize umekaa juu ya spika, gari linapinda bila kupunguza mwendo, utaelewa kwa nini besi imewekwa pale ilipowekwa. Mwaka 2004 waziri Michuki alileta sheria zake, mikanda na mstari wa manjano, michoro ikafutwa, mji ukapooza. Michoro ilirudi baadaye, na leo nganya mpya, ndivyo wanavyoiita matatu iliyorembwa, ikizinduliwa watoto wanaisubiri barabarani na simu. Sisi mwaka 2016 tulipata mabasi ya mwendokasi kule Dar. Unafika mapema, sikatai, ila safari nzima unasikiliza watu wakikohoa.

Nyumbani kwetu mavazi yalikuwa kesi tangu zamani. Baba yangu mdogo alikuwa kijana Dar wakati wa Operesheni Vijana ya 1968, pale Umoja wa Vijana wa TANU walipopiga vita sketi fupi, mawigi na suruali za kubana. Yeye alikuwa na suruali ya kubana. Anasema aliivulia chooni kwa rafiki yake Kariakoo akarudi nyumbani na kikoi. Mzee huyu huyu ndiye aliyekuja kunisema mimi kwa kuuza milegezo, eti mbona inapwaya. Wateja wangu wasichana walikuwa na akili zaidi. Enzi za Zay B na Sista P, walinunua jinzi za kiume na timba namba 38, wakaranda nazo mjini, wakikaribia kwao wanajifunga khanga kiunoni. Timba ikionekana chini, wanasema ni za shamba.

Sasa juzi kaja kijana kibandani. "Shikamoo mama." Marahaba. Ananionyesha simu: vijana wa drili wa Nairobi, wamevaa nyeusi tupu, soksi imefunika uso imebaki macho. Anataka hivyo hivyo. Picha ile haikuwa na hata siku mbili. Nairobi wenyewe waliitoa London, London waliitoa Chicago, na hata kijana wa Mbagala kule Dar anaitaka leo leo na jua lile. Na nguo yenyewe haitoki kwenye belo. Imeshushwa kwa kontena kutoka China, ipo Kariakoo, ipo Eastleigh, ipo Mwanza na Mbeya, rangi moja, mshono mmoja. Nimemuuzia. Kibanda ni biashara.

Ninachokiona kimepotea ni ule ucheleweshaji. Wimbo ulichukua miezi kutoka Dandora kufika Sakina hapa Arusha, na ulifika nusu, kanda imekwaruza, maneno mengine hayasikiki. Pale pasiposikika vijana walijazia ya kwao. Suruali ilikuja kubwa, wakaifunga kwa kamba ya kiatu. Tofauti ya mji na mji ilipikwa ndani ya ile miezi ya kusubiri. Sitaki irudi kwa gharama yake, maana ucheleweshaji ule ule ndio uliomfanya msanii asijue kanda zake ngapi zimeuzwa, na najua wenye majina makubwa waliokuwa wanakopa nauli kwangu. Leo kijana anapandisha wimbo wake mtandaoni kutoka chumbani, na Wakadinali wa Nairobi wana mashabiki hapa Arusha bila kupita kwa msambazaji yeyote. Hilo ni jema. Lakini kijana ambaye kila anachokiona amekiona siku ile ile na dunia nzima, muda wa kukosea kwa namna yake mwenyewe anaupata wapi?

Wapo wanaodhani dawa ni kuwakaripia warudi kwenye mlegezo. Mimi nasema wapewe jukwaa la mji wao. Tazameni tamasha kubwa linapokuja mkoani. Wasanii wakubwa wanashuka kwa ndege kutoka Dar, wanawekewa hoteli, wanapanda saa sita usiku. Vijana wa hapa, waliochana kilingeni mwaka mzima, wanaitwa "wasanii wa nyumbani" na kupandishwa saa kumi jioni, jua usoni, uwanja una watoto na wauza karanga, spika upande mmoja hazijawashwa, malipo ni fulana ya mdhamini. Halafu kesho tunauliza mbona wanaiga watu wa mbali. Redio za mikoa nazo zinapiga orodha ya nyimbo ile ile inayopigwa Dar, kana kwamba mtangazaji hajui mlango wa studio iliyo nyuma ya jengo lake.

Waandaaji wa tamasha la Desemba, najua mnasoma gazeti hili. Wawekeni vijana watatu wa hapa saa nne usiku, spika zote zikiwa zinalia, muwalipe hela taslimu kabla hawajapanda. Majaketi nitawaazima mimi.